Aliyerudi Kutoka Ghuba ni Mfanya Kazi Mwenzetu



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita lililetwa jambo moja, nalo likazimwa kabla halijasemwa likaisha. Ilitakiwa sehemu ndogo ya mfuko wetu wa kusaidiana itumike kuwasaidia mabinti na dada za wanachama waliorudi kutoka Saudia na nchi nyingine za Ghuba bila mshahara, na huku nyuma wana madeni. Mwenzetu mmoja alisimama akasema: "Hawa si watu wa reli. Walikwenda kwa hiari yao kutafuta mali. Sisi tulipe kwa nini?" Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akapita kwenye habari ya viatu vya kazi.

Sisi tulioleta jambo lile hatukubishana siku hiyo. Leo twajibu kwa maandishi, kwa kuwa maandishi hayakatizwi na makofi.

Tuanze na hayo maneno "si watu wa reli". Wote mnamjua mzee mmoja wa gengi aliyestaafu, ambaye ametengeneza njia kati ya Mombasa na Voi tangu wengi wetu hatujaandikwa kazi. Binti yake alipelekwa Saudia na ajenti mmoja wa mjini kuwa mtumishi wa nyumbani. Mkataba aliosomewa ulisema Riyali 900 kwa mwezi. Alikaa miezi 11. Alilipwa miezi 4, na miezi 7 hakulipwa hata senti. Alipofanya kazi katika nyumba ya mwajiri wake, jioni alipelekwa nyumba ya dada wa mwajiri kufua na kupiga pasi. Pasipoti yake ilikaa kabatini mwa bwana. Simu alipewa usiku wa Ijumaa peke yake. Alipougua akaomba kurudi, ofisi iliyompokea huko ilisema: lipeni kwanza gharama tulizotumia kumleta, ndipo atoke.

Mzee akaenda kukopa katika Sacco yetu shilingi 180,000. Za ofisi 120,000, za tikiti na mambo madogo madogo 60,000. Wadhamini wake walikuwa watatu, wote watu wa reli. Alipostaafu deni lilikuwa limebaki shilingi 96,000, na mafao yake yalikuwa hayajatoka. Mnajua desturi: Sacco ikawageukia wadhamini. Kila mmoja shilingi 32,000, zikikatwa 4,000 kwa mwezi kwa miezi 8. Tazameni hati zenu za mshahara. Mmoja wa wadhamini hao alikuwa amekaa mkutanini, na kwa masikitiko yetu naye alipiga makofi.

Basi msiseme kwamba hamtaki kulipa. Mnalipa tayari. Mnalipa gizani, kila mtu peke yake, na mnayemlipa ni mtu asiyestahili.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Miezi 7 kwa Riyali 900 ni Riyali 6,300. Kwa shilingi 34 kila Riyali, hiyo ni shilingi 214,200. Binti yule angalilipwa jasho lake tu, bila fidia, bila zawadi ya mtu, angalilifuta deni lote la baba yake na kubaki na shilingi 34,200 mkononi. Hakurudi fukara kwa sababu ya uvivu, wala kwa sababu hakujua kuweka akiba. Alirudi fukara kwa sababu mali yake imebaki mfukoni mwa mtu mwingine. Lakini hapa mtaani anaulizwa kila siku: "Amerudi na nini?" Mama zetu wanamuuliza kwenye bomba la maji. Mtoto wake aliyemwacha akiwa na mwaka mmoja na nusu anamwita shangazi. Kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akienda dukani usiku tu, asionekane. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: "Amedhulumiwa nini, na nani?"

Neno la pili ni hilo la "hiari yao". Wenzetu walitumie kwa uangalifu, maana sheria ya nchi yetu imekwisha kulijibu. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inasema kwamba kukubali kwa mtu si hoja, ikithibitika kwamba alipatikana kwa hila, kwa udanganyifu, kwa vitisho, au kwa kutumia vibaya dhiki yake. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Wabunge walikuwa na maana yao walipoandika hivyo. Walijua kwamba siku hizi mtu hafungwi kamba. Anapewa karatasi atie sahihi.

Na sisi wa reli tunaijua hiari ya namna hiyo. Nani kati yenu aliingia gengi kwa kupenda jua la Taru? Mlisukumwa na njaa, mkatia sahihi. Je, kwa kuwa mlitia sahihi, bwana angekuwa na haki ya kuwanyima mshahara wa miezi 7? Siku mshahara wetu ulipochelewa majuma matatu mlitaka kusimamisha magari yote.

Babu zetu walivaa kipande shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Alama za vidole zilikuwa ndani yake, na jina la bwana, na mtu asiyetiwa sahihi ya kuachishwa kazi hakuweza kwenda kwa bwana mwingine. Akiondoka, ni mhalifu, atafutwe na polisi. Wafanya kazi wa nchi hii walikichukia kipande kuliko mjeledi. Sasa tazameni kafala. Mgeni anaingia nchini kwa jina la kafili wake, na ruhusa yake ya kukaa imefungwa kwa kafili huyo. Akitoka nyumbani bila idhini anaandikiwa kuwa ametoroka, naye anakuwa mkosaji, hata kama aliyemkosea ni bwana. Qatar iliondoa mwaka 2020 ile sharti ya kuomba ruhusa ya mwajiri ili kubadili kazi. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanya kazi wa nyumbani, yaani wale wale dada zetu. Mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba Wakenya zaidi ya 80 walikuwa wamekufa Saudia katika muda mfupi, wengi wao watumishi wa nyumbani. Zikaletwa karatasi za kusema moyo ulisimama. Mioyo ya vijana waliopimwa na daktari kabla ya kusafiri!

Tumesema wanaandikiwa kuwa wametoroka. Watu wa pwani wanalijua vyema neno mtoro. Hapa Rabai, mwendo mfupi kutoka njia yetu ya reli, walikuwako watoro wengi waliokimbia mashamba ya mabwana wao na kujificha kwa wamisheni. Mabwana wakaja juu wakitaka watu wao. Mnamo Januari 1889 Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ilimaliza shauri kwa fedha: dola 25 kwa kila kichwa. Watoro wakapewa hati za uhuru. Na dola? Zote zilikwenda kwa mabwana. Mtu aliyelima miaka 10 bila ujira alipata karatasi, na yule aliyekula jasho lake miaka 10 akapata dola 25. Hata serikali ilipofuta utumwa kwa sheria mwaka 1907, waliolipwa fidia walikuwa ni wenye watumwa.

Someni tena habari ya binti wa mzee wetu, mwone kama pamebadilika kitu. Ofisi ilipata 120,000. Binti alipata tikiti ya kurudi nyumbani, iliyolipwa na baba yake. Desturi ya kumlipa mwenye kosa na kumpa aliyekosewa karatasi haijafa, na sisi kwa mikopo yetu ya Sacco tunaitilia mafuta.

Wengine watasema: lakini wako watu wema wanaowasaidia. Ni kweli, na hatuwadharau. Wanampokea mtu uwanja wa ndege, wanampa mahali pa kulala, wanampeleka hospitali. Hiyo ni kazi kubwa ambayo sisi hatukuifanya. Ugomvi wetu ni juu ya yale yanayofuata. Binti yule alipewa cherehani. Ilikuwa sherehe: viti vya kukodi, kitambaa kipya juu ya meza, picha nyingi. Kabla ya hapo alifundishwa kushona kwa siku 10. Siku 10! Fundi wa karakana anakaa miaka mitatu akifunzwa na bado anaharibu vyuma. Katika mtaa ule ule walikuwapo tayari washonaji wanne wanaogombania sare za shule mbili. Mwezi wa pili mwenye nyumba alidai kodi, na kile chama cha akina mama kilichomchangia hela za pasipoti kikadai chake. Mwezi wa tatu cherehani iliuzwa kwa nusu ya bei yake. Waliopiga picha hawakurudi kuiona nafasi iliyokuwa imesimama.

Kosa si la cherehani, wala si la binti. Mtu mwenye deni ukimpa chombo cha kazi, umempa mdai wake chombo cha kuuza. Lazima deni lishikwe kwanza, lisimamishwe, lipangwe upya. Halafu adaiwe yule anayepaswa kudaiwa. Halafu ndipo afundishwe kazi kwa muda wa kutosha, huku akiwa na chakula na mtu wa kumshikia mtoto. Na afundishwe kazi anayoitaka yeye. Binti yule alipoulizwa na mmoja wetu, baada ya mwaka mzima, angependa kufanya nini, alisema alisoma hesabu vizuri shuleni na angependa kazi ya ghala. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Twakumbuka habari ya Frere Town, maana baadhi yetu tulisoma katika shule za misheni, na kila anayevuka daraja la Nyali anaiona ile kengele pale Kengeleni. Tangu mwaka 1875 watu walioteremshwa kutoka majahazi ya watumwa waliwekwa pale. Hatutaki kulipamba jambo hilo. Viboko vilitumika pale, na wenyewe hawakuwa mabwana wa nafsi zao. Lakini walioanzisha mji ule walifahamu jambo moja ambalo wapiga picha wetu hawalifahamu: ya kwamba mtu aliyetolewa utumwani kesho asubuhi atataka kula. Walipewa mahali pa kujenga na kulima, wakafundishwa useremala na uhunzi na kusoma. Walikuwako na wenzao waliokwisha kupita njia ile ile, wale waliokuwa wamekombolewa zamani na kupelekwa Bara Hindi kusoma, wakarudi kuwa walimu na mafundi. Aliyeteseka alipokewa na aliyewahi kuteseka. Leo wanaorudi kutoka Ghuba wako wengi katika mitaa yetu, kila mmoja amejifungia chumbani mwake, akidhani ni yeye peke yake.

Wako pia wanaosema dawa ni serikali kupiga marufuku safari hizo. Hilo limekwisha jaribiwa. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za maajenti zaidi ya 900 na kuzuia watumishi wa nyumbani kwenda huko. Watu waliendelea kwenda kwa njia za kuzunguka, kupitia nchi jirani, bila karatasi, bila kuandikwa popote; na mwaka 2017 katazo likaondolewa. Mlango ukifungwa na njaa iko ndani, watu watapita dirishani. Siku hizi kuna na ajenti asiye na ofisi kabisa, ana simu tu, naye huwapeleka hata vijana waliosoma mpaka Myanmar kufungiwa katika majumba ya utapeli wa mitandao. Sisi hatusemi msisafiri. Reli hii ilijengwa na wasafiri: Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mikataba tangu 1896, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla chuma hakijafika Ziwa. Wageni wale walikuwa na haki ya nauli ya kurudi kwao, imeandikwa katika mkataba. Miaka mia na zaidi imepita, na binti wa mwanachama wetu anajilipia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halikusemwa mkutanini, na ambalo tunaogopa ndilo lililofanya makofi yawe mengi. Wako wanachama wa chama hiki wanaopokea fedha kwa maajenti. Tunawajua, na wao wanajua kwamba tunawajua. Mtu anavaa sare ya reli, anaheshimiwa kijijini, anakwenda kwa wazazi wa msichana na kusema: "Ajenti huyu ni rafiki yangu, msiwe na hofu." Kwa kila msichana anapata elfu kadhaa. Msichana akipotea simu, yeye husema hayamhusu, alifanya kutambulisha tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Ndugu, ile sheria ya 2010 haikuandikwa kwa ajili ya matajiri wa Riyadh peke yao. Anayetafuta watu na kuwapeleka kwa hila ametajwa humo pamoja na anayewapokea. Na kwa desturi ya kimataifa, Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema ajenti asimtoze mfanya kazi ada yo yote, wazi wala kwa mlango wa nyuma. Twataka iandikwe katika kanuni za tawi: mwanachama atakayepokea fedha kwa kumpeleka mtu kwa ajenti atoke chamani. Anayepinga kanuni hii asimame aseme sababu yake mbele ya wote.

Je, twaomba nini katika mfuko? Si sadaka. Kwanza karani mmoja, hata kwa siku mbili kwa juma, wa kuwaandikia hawa madai yao mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nchi za nje utiwe sahihi mbele ya Afisa wa Kazi na uthibitishwe naye, na mwajiri asiyekaa Kenya aweke dhamana yenye mdhamini aliye hapa hapa nchini. Wangapi wanajua kwamba yupo, au alipaswa kuwapo, mtu wa Kenya wa kushikwa shati? Lakini dai la namna hiyo lina miaka mitatu tu, na mtu aliyejificha chumbani akiona haya humaliza miaka mitatu upesi. Aandikiwe: tarehe, jina la ajenti, nambari ya leseni, ujumbe uliobaki katika simu, miezi aliyolipwa na asiyolipwa. Fundi wetu akikatwa kidole tunaandika yote siku ile ile. Kwa nini huyu asubiri? Sheria ya 2010 inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mkosaji amlipe aliyeumizwa, na ilianzisha hazina ya taifa ya kuwasaidia watu hawa. Tuliuliza tawi zima, hatukumpata hata mmoja aliyepata senti kutoka hazina hiyo; wengi hawakuwa wamesikia kwamba iko. Karani wetu atapeleka barua huko, na nyingine, na nyingine, mpaka wachoke na jina letu.

Pili, twaiomba Sacco yetu isimamishe riba ya mkopo wa namna hii kwa mwaka mmoja, na wadhamini wasikatwe mpaka dai limepelekwa. Fedha zenyewe ni zetu. Tunaweza kuamua hivyo kwa kura.

Tatu, nafasi za kazi. Kila mwaka hutolewa kazi za kufagia steshini, za kupika, za ghala, kwa makontrakta. Viongozi wetu wanapokaa na wakubwa waseme kwamba nafasi kadhaa ziwekwe kwa hawa, kwa mshahara wa halali. Mtu aliyeendesha nyumba ya watu 14 peke yake hawezi kushindwa na ghala. Na wale ambao watarudia kazi za nyumbani hapa Kenya waelekezwe kwa ndugu zetu wa KUDHEIHA, ambao ndio chama cha wafanya kazi hao. Hatutaki kuwanyang'anya wanachama. Twataka mtu asikae hata mwezi mmoja bila kadi ya chama, awe chini ya bendera yetu au ya wenzetu.

Mzee wa gengi alikuja juzi karakana kuuliza habari za mafao yake. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akawaomba radhi wale wadhamini watatu, mmoja mmoja, kama kwamba yeye ndiye mwizi. Tuliona haya kumtazama.

Jambo hili litaletwa tena katika mkutano wa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa 4 asubuhi, mahali petu pa kawaida, nalo litakuwa la kwanza, kabla ya viatu. Binti amekubali kuja kusema mwenyewe, na wenzake wawili pamoja naye. Kura itakuwa ya kunyosha mikono. Njoo na kadi yako, na yule aliyesema "si watu wa reli" tunamwomba akae mbele.